Barua ya wazi: Kijiti kiko mkononi, mradi umeshafungwa

KWA: Mawaziri wa fedha na wa afya, wakuu wa mashirika ya ufadhili, wakuu wa mifuko ya bima ya afya, na wajumbe wa bodi za taasisi za afya ya uzazi zisizo za faida

YAH: NANI ANALIPA KUKITOA

Waheshimiwa,

Mimi ni mhasibu. Sijasomea udaktari wala uuguzi, na damu nikiiona hutafuta kiti. Kwa miaka kumi na saba nimekaa katika vyumba vya nyuma vya kliniki zisizo za faida nikifunga hesabu za miradi ya uzazi wa mpango, na kwa bahati meza yangu karibu kila mara imekuwa ikitazamana na dirisha la mapokezi. Kwa hiyo nimeona mengi ambayo hayamo katika ripoti ninazowaletea kila robo mwaka.

Niwasimulie moja. Alifika mama mmoja asubuhi, kadi yake ya kliniki ameikunja mara nne ndani ya pochi. Alitaka kutolewa kijiti, kile kipandikizi cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kwa sababu alitaka mtoto mwingine. Mpokezi alipoikunjua kadi akanyamaza, kisha akageuka kunitazama. Kijiti kiliwekwa na timu yetu ya huduma za mkoba, inayowafuata wateja walipo, chini ya mradi uliokuwa umefungwa miezi kadhaa nyuma. Kwenye kona ya kadi kulikuwa na mhuri wetu, wino wa zambarau bado unasomeka vizuri: KUWEKA NA KUTOA NI BURE.

Muuguzi alifungua kabati. Wembe ulikuwepo, glovu zilikuwepo. Chupa ya ganzi iliyobaki ilikuwa na lebo ya mradi mwingine, mradi wa vijana, na masharti yake yanasema vifaa vitumike kwa wateja walio chini ya miaka 25. Mama yule alikuwa ameshapita 30. Basi muuguzi, mwenye uzoefu kuliko madaktari wengi ninaowajua, akatoka chumbani, akaja kuniuliza mimi mtu wa leja kama anaruhusiwa kumchoma mteja sindano ya ganzi kabla ya kumchana ngozi.

Nikamwambia atumie. Kijiti kilikuwa kimezama kidogo, kazi ikachukua karibu dakika arobaini badala ya zile chache zilizozoeleka, na mama akaondoka na bandeji mkononi na shukrani nyingi mdomoni. Mimi nikabaki na swali langu: ganzi, wembe, bandeji, muda wa muuguzi, naviandika wapi? Hakuna mradi uliokuwa na kasma, yaani fungu la bajeti, ya kutoa kijiti cha mradi mwingine. Nikaandika "mengineyo". Mwaka ulipokwisha mkaguzi wa hesabu aliikuta ile chupa, akaiwekea hoja, ikaitwa matumizi yasiyostahiki, na taasisi ikarejesha fedha kwa mfadhili. Kiasi chenyewe kidogo. Barua tulizoandikiana kuhusu chupa hiyo ziligharimu zaidi yake.

Naandika kwa sababu ya chupa ile. Nina jambo moja tu la kuwaomba, hata kama nitalizunguka kwa njia nyingi: mnaponunua huduma ya afya ya uzazi, nunueni ahadi yote tunayompa mteja, mpaka mwisho wake. Msinunue kipande cha mwanzo kisha mkatuuliza mbona hatujitegemei.

Tazameni miaka. Kijiti hukaa mkononi miaka 3 au 5, kulingana na aina. Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, huweza kukaa miaka 10 na zaidi. Mradi, ukiwa mrefu, ni miaka 3 kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza nusu yake huishia kuajiri, kusubiri vibali na kununua vifaa. Miezi sita ya mwisho tunafunga: tunaandika ripoti, tunahesabu viti, tunawaaga watumishi. Katikati hapo ndipo mteja anapohudumiwa. Na kwa kuwa lengo la idadi linatukimbiza, wengi huwekewa vijiti kwenye miezi ya mwisho kabisa, wakati sisi wenyewe tunajua mlango unakaribia kufungwa. Yaani ahadi ya miaka 5 inatolewa na mtu mwenye mkataba wa wiki sita.

Mwaka 2013 bei ya vipandikizi kwa nchi zenye kipato kidogo ilishushwa karibu nusu, hadi dola 8.50 kwa kimoja, baada ya wafadhili kuwahakikishia watengenezaji kwamba watanunua kwa wingi. Ilikuwa kazi nzuri, sina neno baya juu yake. Wanawake wengi mno walipata njia ambayo awali haikufika kwao. Lakini kilichojadiliwa mezani kilikuwa bei ya kijiti. Mkono wa kukitoa haukuwa na mtu wa kuusemea. Hata fomu zetu za takwimu zinaonyesha hivyo: waliowekewa wana safu yao ya kwanza kabisa, imekolezwa wino, na inaunganishwa na lengo. Waliotolewa, wakipata safu, wako chini kabisa, na msomaji wa ripoti huwahesabu kama wateja tuliowapoteza. Mama aliyetumia njia kwa miaka anayotaka, akaiacha siku anayotaka, huyo ndiye mteja tuliyefanikiwa naye kuliko wote. Kwenye karatasi anaonekana hasara.

Sasa niseme juu ya neno lenu mnalolipenda: uendelevu.

Kila andiko la mradi lina sehemu yake. Mara nyingi ni nusu ukurasa, na huandikwa mwisho, usiku wa kuamkia tarehe ya kuwasilisha, wakati mkurugenzi amechoka na mtaalamu wa programu ameshalala. Mimi ndiye ninayeachiwa niiandike. Nimeiandika mara nyingi hata ninaijua kwa moyo: taasisi itapanua vyanzo vya mapato, itaanzisha ada nafuu, itashirikiana na serikali, itajenga uwezo wa jamii kumiliki mradi. Nikiri hapa hadharani kwamba nilipokuwa naandika hayo nilijua hayatatokea ndani ya miaka 3. Na nyinyi mliokuwa mkisoma mlijua. Tukatia saini wote. Sijawahi kuona upande wowote ukirudi, baada ya mradi kufungwa, kuuliza ule ukurasa uliishia wapi.

Mtatuambia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sipingi. Fedha za nje kwa huduma hizi hazijawahi kuwa na utulivu, na atakayesema mwaka 2025 ulimshtukiza hakuwa akitazama kalenda. Sera ya Marekani inayozuia fedha zake kwa mashirika ya nje yanayotoa huduma au hata ushauri wa utoaji mimba ilitangazwa mwaka 1984 katika mkutano wa idadi ya watu uliofanyika Mexico City. Ikafutwa 1993, ikarudishwa 2001, ikafutwa 2009, ikarudishwa na kupanuliwa 2017, ikafutwa 2021, ikarudishwa tena Januari 2025. Ni kama taa ya barabarani, isipokuwa anayebadilisha rangi ni mpiga kura wa nchi moja na wanaosimama njia panda ni wakunga wa nchi nyingine. Uingereza nayo, ilipopunguza bajeti ya misaada mwaka 2021, ilikata takribani asilimia 85 ya mchango wake kwa mpango wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, wa kununua dawa na vifaa vya uzazi wa mpango, kutoka pauni milioni 154 zilizotarajiwa hadi kama milioni 23. Kisha mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, likasimamishiwa fedha mwezi Januari, na kufikia tarehe 1 Julai likawa limefungwa rasmi. Dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya karibu dola milioni 9.7, vilivyokwisha kulipiwa, vikakwama ghalani Geel, Ubelgiji, huku serikali ya Marekani ikieleza mpango wa kuviteketeza.

Hilo la Geel lilinikaa kifuani kuliko mengine yote, kwa sababu ya kazi yangu. Nimewahi kuandika maelezo ya kurasa mbili kwa mfadhili kueleza zilipopotelea katoni tatu za kondomu.

Kwa hiyo ndiyo, tujitegemee. Lakini tuulizane kujitegemea ni nini, maana nikiwa kwenye vikao vyenu husikia jibu moja tu: mteja alipe.

Sikatai ada kwa jumla. Wapo wateja wenye uwezo, na wengine huona aibu kupokea bure kile wanachoweza kulipia. Lakini ada ina tabia moja ambayo kwenye jedwali la makadirio haionekani. Watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliwahi kupima jambo hili nchini Kenya, kwa vyandarua vilivyotolewa kwa wajawazito kwenye kliniki. Bei ilipotoka sifuri kufika senti 60 tu za dola, idadi ya waliochukua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010 na hayajapitwa na wakati. Chandarua si kijiti, najua. Hata hivyo wote wawili, mwenye kuhitaji chandarua na mwenye kuhitaji kijiti, wanalipia leo kitu ambacho faida yake ni jambo baya ambalo halitatokea kesho. Mtu mwenye homa atakopa alipe. Mtu anayetaka tu mambo yasiharibike atasema nitarudi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ameshika mimba.

Halafu kuna msamaha wa ada. Kwenye sera tunaandika kwa mkato: wasio na uwezo watasamehewa. Njooni mkae nami mapokezi mwone inavyokwenda. Mpokezi anatakiwa amtazame mama na kuamua ana uwezo au hana. Anatazama viatu. Anatazama simu. Mama mwenye aibu haulizi, anageuka na kuondoka, na huyo hatumwandiki popote kwa sababu hakufika dirishani. Mwenye sauti anasamehewa. Na msamaha wenyewe, mwisho wa mwezi, unakuwa pengo kwenye hesabu zangu lisilo na mwenyewe: serikali inasema ni sera yenu, mfadhili anasema ni jukumu la serikali, bodi inasema tupunguze misamaha.

Mnapenda kututajia Profamilia ya Colombia, na mna haki, maana ni mfano wa kweli. Shirika lile la uzazi wa mpango lilianzishwa mwaka 1965 na daktari Fernando Tamayo, na leo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na huduma linazouza lenyewe. Lakini ukisimulia hadithi, isimulie yote. Lilipewa miongo kadhaa ya misaada ya kutosha kabla ya kusimama. Lilikuwa na wateja wa mijini wenye kipato, ambao walinunua vipimo na huduma nyingine, na ziada yao ikabeba wasioweza. Kisha Colombia ilifanya mageuzi ya bima ya afya mwaka 1993, na bima zikawa wateja wanaolipa. Fungueni mikataba yenu ya sasa mwone kama ina hata kimoja kati ya hivyo. Mnatupeleka kwa walio mbali na maskini zaidi, kama inavyopasa, mnatukataza kutumia mashine ya mradi kwa mteja anayelipa, mnatupa miaka 3, halafu mnatuuliza mbona hatuwi Profamilia.

Niingie jikoni kwangu sasa, kwenye gharama za uendeshaji. Huko ndiko mambo yanakoharibika kimyakimya.

Kliniki yetu moja ilikuwa na mashine ya kutakasia vyombo kwa mvuke. Mlango wake una mpira wa kuzuia mvuke usitoke, na mpira huo huchoka, huchanika, hubadilishwa. Siku ulipochanika tulikuwa na miradi minne. Wa kwanza ulisema mashine haikununuliwa nao. Wa pili, ulioinunua, ulikuwa umeshafunga kasma ya matengenezo. Wa tatu ulikubali kulipa robo, kwa sababu robo ya wateja ni wake, iwapo tungeleta mgawanyo wa matumizi ya mashine kwa kila mradi kwa miezi sita iliyopita. Wa nne haukujibu barua. Kwa majuma mawili na zaidi muuguzi alikuwa akibeba vyombo kwenye ndoo yenye kifuniko kwenda kuvitakasa kituo kingine, na siku za foleni aliahirisha vitanzi. Mpira wenyewe unaingia kwenye mfuko wa koti.

Gharama kama hizi mnaziita zisizo za moja kwa moja, na neno hilo limezifanya zionekane kama anasa. Ni mlinzi wa usiku. Ni kuteketeza taka zenye damu. Ni ada ya mkaguzi mnayemdai nyinyi wenyewe. Ni mtu wa stoo anayejua kwamba sindano za miezi mitatu zimebaki za wiki mbili. Serikali ya Marekani kwa miaka mingi iliruhusu asasi ambayo haijakubaliana nayo kiwango chake maalumu kudai asilimia 10 tu, juu ya gharama za moja kwa moja, kwa gharama za namna hii, na Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Wapo wafadhili ambao bado wanatoa 7, au 5, au wanakataa kabisa na kujisifu kwenye tovuti zao kwamba kila senti inamfikia mlengwa. Tuseme gharama halisi ni 20 na mnalipa 7. Zile 13 hazipotei hewani. Zinatoka kwenye mshahara wa mtu aliyecheleweshewa, kwenye dari inayovuja, kwenye mpira wa mashine. Au, niseme ukweli, zinatoka kwenye ubunifu wa mhasibu, ambaye anajifunza kuita mlinzi "msaidizi wa programu". Nimefanya hivyo. Sijivuni, lakini mlinzi alilipwa.

Kuna jambo jingine linalonikera kuliko hilo, nalo ni akiba. Ukimaliza mwaka na salio, mnasema hatukutekeleza, rudisheni. Ukimaliza bila salio, mnasema taasisi hii ni dhaifu kifedha, haina hata akiba ya miezi mitatu. Tunajengaje akiba kwa fedha ambazo sharti lake la kwanza ni kuisha? Hili linawezekana kutatuliwa, na limeshawahi kujaribiwa: katika miaka ya 1990 USAID yenyewe, ilipokuwa ikijiondoa kwenye uzazi wa mpango katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini, ilisaidia taasisi za huko kuwa na mfuko wa amana, yaani mtaji unaowekezwa na kutumika faida yake, ili zisimame zenyewe badala ya kuanguka siku mfadhili alipoondoka. Ilikuwa kuaga kwa heshima. Linganisheni na 2025, ambapo watu waliambiwa kwa barua pepe wasimamishe kazi mara moja, wateja wakiwa kwenye benchi.

Mawaziri, sasa ni zamu yenu. Sitawachosha na Abuja, ingawa mliokuwemo mnakumbuka kwamba Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi zilizowahi kuifikia ni za kuhesabu kwa vidole. Nizungumze lugha ya hazina. Kwa makadirio ya Guttmacher, taasisi ya utafiti wa afya ya uzazi, ya mwaka 2019, kila dola 1 inayoongezwa kwenye uzazi wa mpango katika nchi za kipato cha chini na cha kati huokoa karibu dola 3 ambazo zingetumika kwa huduma za ujauzito, uzazi, watoto wachanga na utoaji mimba. Mwaka huohuo wanawake milioni 218 katika nchi hizo walitaka kuepuka mimba na hawakuwa wakitumia njia ya kisasa. Akiba hiyo haingii kwetu. Mama asiyeletwa wodini akitoka damu ni fedha iliyobaki kwenye hospitali ya serikali. Sisi tunabeba gharama ya kuzuia, nyinyi mnabeba unafuu, na mwisho wa mwaka mnatuuliza kwa nini hatujilipi. Hatuwezi kujilipa kwa sababu faida yetu iko kwenye vitabu vyenu.

Njia iliyonyooka ni kutulipa kwa huduma, kama mnavyomlipa mkandarasi wa barabara. Mkiona kuajiri muuguzi wenu na kujenga kliniki yenu ni nafuu, fanyeni, nitapiga makofi. Mkiona sisi tupo tayari na watu wanatuamini, hasa vijana wasiotaka kukutana na shangazi zao kwenye foleni ya kituo cha serikali, basi wekeni mkataba wenye bei kwa kila huduma, na kutoa kijiti kuwe na bei yake, kubwa kuliko ya kuweka kwa sababu ni kazi ngumu zaidi. Bima nazo zishike sehemu yao. Ghana iliingiza uzazi wa mpango kwenye kitita cha bima yake ya taifa mwaka 2022. Mifuko mingi mahali pengine bado inalipia upasuaji wa uzazi bila kusita na kukataa kitanzi, kwa hoja kwamba mwenye kitanzi si mgonjwa. Na mkishakubali kulipa, lipeni kwa wakati. Dai lililokaa miezi tisa bila kulipwa ni mkopo, na anayewakopesha ni kliniki yenye mpira mmoja wa mashine.

Wajumbe wa bodi, na nyie msikae kama wageni waalikwa. Mmeketi kwenye vikao ambavyo tumekubali kila fedha iliyopita mlangoni, hata ile iliyotuvuta mbali na kazi yetu, kwa sababu mishahara ya mwezi ujao ilikuwa haionekani. Tumeendesha warsha za hotelini wakati stoo haina ganzi. Na kuna swali ambalo nimewahi kuulizwa mara moja tu na mjumbe wa bodi, katika miaka yote hii: mteja mmoja wa kitanzi anatugharimu kiasi gani, kila kitu kikihesabiwa? Nilitumia miezi miwili kulijibu. Nilipita na saa mkononi nikihesabu dakika za muuguzi, nikapima lita za maji, nikagawanya kodi ya jengo kwa vyumba. Jibu lilitutia aibu, kwa sababu bei tuliyokuwa tukimwandikia mfadhili ilikuwa karibu nusu ya ile halisi, na tulikuwa tumeipanga wenyewe, kwa hofu ya kuonekana ghali. Mwaka uliofuata tukapeleka bei ya kweli. Mfadhili mmoja alijitoa. Wawili walibaki, wakalipa. Kama tungejua, tungeuliza miaka kumi mapema.

Msinielewe kwamba nataka misaada isiyo na mwisho. Nataka anayeondoka aondoke kama mtu aliyealikwa: aage, aseme siku, aache kitu cha kumalizia alichoanzisha. Hili la mwisho hata si la gharama kubwa. Kila mradi unaoweka njia za muda mrefu utenge, siku ya kwanza, fedha za kutoa, zikae kwenye akaunti ya peke yake isiyofungwa na tarehe ya mradi, na ziweze kutumika kwa mteja yeyote anayekuja na kadi, awe wa umri gani, awe aliwekewa na nani. Idadi ya waliowekewa mnayo, kwa sababu mliidai kila mwezi. Miaka ya kila kijiti inajulikana. Hesabu yake inamtosha mhasibu mmoja kwa mchana mmoja, na ninajitolea kuifanya bila malipo kwa yeyote kati yenu atakayeiomba.

Fomu zenu za maombi hutoka kila mwanzo wa mwaka wa fedha, nami huzisoma kuanzia kwenye jedwali la bajeti, kama mhasibu yeyote. Safari hii nitaanza kwa kutafuta mstari mmoja, ulioandikwa "kutoa". Usipokuwepo nitauongeza mwenyewe kwa kalamu, na nitaambatisha nakala ya kadi ile yenye mhuri wa zambarau, jina la mama nikiwa nimelifunika.

Wenu katika kazi,

Mhasibu wa kliniki isiyo ya faida